Mvuje wa Kukaanga

Ilianza na mkono mmoja wa mtoto. Jioni moja ya majira ya baridi, Clémentine aliinua blanketi ili amtoe Sagesse kitandani amnyonyeshe, akaona mwili mzima wa bintiye uking'aa mafuta kama alivyomwacha, isipokuwa mkono wa kushoto. Kutoka kwenye vidole hadi kiwikoni ngozi ilikuwa kavu na safi. Akapapasa shuka, hakuna mafuta. Akapapasa blanketi, hakuna. Mafuta hayakufutika popote, ila mkononi hayakuwapo tena, na mkono wenyewe ulikuwa safi kama sahani aliyoilamba mtoto mwenye njaa.

Mtu mwingine angesimama akafikiri kidogo. Clémentine alichukua chupa, akaupaka mkono ule upya, akamshukuru Mungu kwamba mtoto halii.

Tusimlaumu mapema. Lawama zipo, na zitafika zenyewe bila kuitwa.

Clémentine alikuwa mshonaji, mzaliwa wa Uvira, na alikaa Jeppestown, Johannesburg, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha viatu. Mwenye jengo alikigawa kiwanda kwa mbao nyembamba akakiita vyumba. Humo ndani hakuna aliyekuwa na siri. Jirani akipiga chafya, wa chumba cha pili alimwombea afya. Jirani akikaanga samaki, jengo zima lilijua ni samaki gani. Mumewe, Alexis, alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye nyumba za matajiri kule Randburg. Aliondoka mchana jua likiwa bado kali, akarudi asubuhi macho mekundu. Kwa hiyo jioni zote Clémentine alikuwa peke yake na mtoto.

Na mtoto mwenyewe hakupatikana kirahisi. Mimba mbili ziliharibika, na baada ya hapo ikapita miaka mingi mitupu, hadi wanawake wa kanisani wakaacha kuuliza, jambo linaloumiza kuliko kuulizwa. Sagesse alipozaliwa, Clémentine alilia mpaka wauguzi wakaogopa. Tangu siku ile hakuwa na ombi jingine duniani: mtoto huyu abaki.

Basi mtoto huyu akaanza kulia. Jioni hadi asubuhi, miguu imekunjwa, tumbo gumu kama ngoma. Dawa ya kliniki haikusaidia, na sala hazikusaidia. Siku moja Clémentine alikwenda Mayfair kununua bitana na uzi, mtoto mgongoni akipiga kelele, na kwenye pembe ya duka la vitambaa la Msomali mmoja akamkuta Bi Biubwa, mwanamke wa Unguja aliyeuza viungo: iliki, mdalasini, karafuu, udi. Bi Biubwa alisikiliza kilio kile kwa muda, kisha akainama chini ya meza akatoa mtungi uliokuwa ndani ya mtungi mwingine. Alipoufungua, Clémentine alirudi nyuma hatua mbili.

Ulikuwa mvuje. Utomvu wa mzizi fulani wa nchi za mbali, uliogandishwa ukawa mabonge ya rangi ya kahawia, na unanuka vibaya kuliko kitu chochote mtu anachoweza kukiweka jikoni kwa hiari yake. Bi Biubwa aliuficha ndani ya mitungi miwili ili usimharibie iliki.

"Hicho chango, mwanangu," alisema. "Na labda pana na kiumbe anamtazama. Mvuje utamaliza yote mawili."

Akamwonyesha namna. Kidogo kisagwe kwenye maji ya uvuguvugu, kipakwe kuzunguka kitovu. Bonge moja lifungwe kitambaani, livalishwe mkononi, likae hapo mchana na usiku, wala lisiondolewe hata wageni wakija. Akaongeza, kwa kuwa alipenda kuzungumza, kwamba mvuje huohuo ni mzuri kwa maharage. Punje ndogo ukiitupa kwenye mafuta ya moto, ule uvundo wote unageuka kuwa harufu tamu, kama kitunguu kilichokaangwa kwa samli, na maharage hayakujazi gesi tumboni. Hakumwambia kwamba matumizi haya mawili hayachanganywi. Kwao hakuna anayehitaji kuambiwa, na haikumpitia akilini kwamba yupo mtu duniani wa kuambiwa.

Mvuje ulifanya kazi. Usiku wa kwanza Sagesse alilala, usiku wa pili alilala na kucheka usingizini. Alexis aliporudi kazini alisimama mlangoni akaziba pua, akamtazama mtoto, akasema kama uvundo ndio bei ya usingizi, yeye ameridhika.

Lakini Jumapili ikafika.

Kanisa lao lilikuwa juu ya duka la matairi, na mchungaji wao, Pasta Pacifique, hakuwa na mchezo na hirizi. Mwaka uliotangulia alimwona mtoto wa mama mmoja amefungwa uzi kiunoni; akaukata mbele ya watu wote, akauchoma kwenye kopo mimbarani, na mama yule tangu hapo alikaa nyuma peke yake hadi akaacha kuja. Siku ile Clémentine, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, na ndiye wa kwanza kusogeza kiti chake mbali na yule mama. Sasa alikaa na Sagesse mapajani, kitambaa kimefichwa ndani ya soksi aliyovalishwa mkononi, akawaona wanawake wa kwaya wakikunja pua, mmoja baada ya mwingine, wakitazama chini ya viti wakitafuta nani amekanyaga nini. Alikiondoa kitambaa chooni kabla ya mahubiri. Jioni ile mtoto akalia tena.

Hapo ndipo alipopata akili yake nzuri.

Alikuwa na chupa ya mafuta ya upako, mafuta ya zeituni yaliyoombewa na Pasta mwenyewe. Aliyamimina yote kwenye kikaango, akayaacha yapate moto, akatupa ndani mabonge ya mvuje. Yalichemka, yakavimba, yakatoa povu. Uvundo ulipanda mara moja, kisha ukageuka, kama alivyoambiwa, na chumba kikajaa harufu tamu hadi mate yakamjaa mdomoni. Akachuja kwa kitambaa cha bitana, akarudisha kwenye chupa. Mvuje ndani, upako ndani, na hakuna mtu wa kukunja pua. Alijiona amewaweza wote, Bi Biubwa na Pasta kwa mkupuo mmoja, na tangu siku hiyo akawa anampaka Sagesse asubuhi na jioni, kutoka utosini hadi kwenye nyayo, akipenyeza vidole kwenye kila mkunjo wa mwili ule mdogo.

Watu walimsifu. Kanisani mtoto alipitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akimnusa shingoni. Masika, jirani wa chumba cha pili, mwanamke wa Butembo aliyesuka nywele kona ya barabara, alikuwa akimchukua na kumng'ata mashavu kwa midomo.

"Eish, Mama Sagesse," alisema akicheka, "huyu mutoto ananukia vizuri. Nikimubeba, njaa inanikamata."

Clémentine alicheka naye. Na mtoto hakulia tena. Hakulia hata kidogo, hata alipolowa, hata alipochelewa kunyonya. Alilala macho wazi akitazama juu.

Kisha ndipo ukaja ule mkono. Siku mbili baadaye ilikuwa mguu, kutoka kidole gumba hadi gotini. Kisha mkono na mguu kwa pamoja. Kila mara ilikuwa saa ileile, jua linapozama na jengo zima kuwasha majiko, Clémentine akiwa upande wa pili wa pazia akisonga ugali wake. Alisema moyoni kwamba ni baridi ya Johannesburg, ile kavu inayopasua midomo, ndiyo inayokausha mafuta. Ila baridi haichagui mkono mmoja ikaacha mwingine, na hilo alilijua. Akawa anapaka mafuta mengi zaidi.

Kilichofuata ni uzito. Nepi zilizokuwa zinabana zikaanza kuteleza. Muuguzi wa kliniki alimpima mara mbili kwa kutoamini mzani, akauliza kama maziwa yanatosha, akaandika, akasema warudi. Maziwa yalitosha, yalikuwa yanamwagika. Sagesse alinyonya vizuri na bado alipungua, na ngozi pale ilipokuwa imesafishwa ilibaki nyembamba hivi, ya kuonyesha mishipa.

Alimwambia Alexis asubuhi moja, kwa sauti ya chini ili mbao zisisikie.

"Papa Sagesse, kuna kitu inakuja kwa mutoto magharibi. Mafuta inaisha kwa mwili yake. Sijue ni nini, lakini inaisha."

Alexis alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alimshika mkono, akamwambia wataomba, akamwambia mwisho wa mwezi atajaribu kubadilisha zamu. Kabla hajamaliza kusema alikuwa amesinzia akiwa amekaa, buti bado mguuni. Clémentine alimvua buti, akaamua kuangalia mwenyewe.

Jioni ile alimpaka mtoto kama kawaida, akamlaza chali bila blanketi juu ya kanga nyeupe, heater ikiwa karibu. Akaenda kwenye jiko, akaweka sufuria, akaacha pazia wazi kiasi cha upana wa kiganja. Nje majiko yakaanza kuitika: kwanza kitunguu cha chumba cha chini, kisha dagaa, kisha sombe la Masika, majani ya muhogo yenye mawese. Sagesse alikuwa kimya, miguu hewani.

Kwanza ilikuja harufu. Haikuwa ya chakula. Ilikuwa harufu ya kinywa kilichofungwa siku nyingi, chenye joto, na ilipita karibu yake, pembeni mwa shavu lake, ikaingia penye upenyo wa pazia kama mtu anayejua njia ya mezani. Kisha sauti, ndogo, ya majimaji, taratibu, sauti ambayo kila aliyelea mtoto anaijua kwa sababu ni sauti ya mtoto anayemaliza uji wake kwa ulimi. Clémentine alitazama, akaona tumbo la bintiye likibonyea, sehemu pana kama kiganja cha mtu mzima, na palipobonyea pakasogea, kutoka kitovuni kwenda kifuani, na nyuma yake mng'aro wa mafuta ukawa unatoweka ukiacha njia kavu ya ngozi, na njia ile ikapanda kifuani, ikazunguka titi dogo, ikafika shingoni ikakawia hapo, ikirudia na kurudia pale kwenye mikunjo ambako yeye mwenyewe kwa mapenzi yake alikuwa amepenyeza mafuta mengi zaidi, na Sagesse, mtoto aliyemsubiri miaka yote ile, alikuwa ameinua kidevu ili kuipisha, akitabasamu kwa kitu kilichoinama juu yake.

Hakupiga kelele. Alirarua pazia, akamnyakua mtoto, na mtoto hakuja wote mara moja. Kitu kilikuwa kimemshika mguu. Hakikuvuta. Kilishika tu, kwa muda, kisha kikauachia bila haraka, maana chakula hiki kesho kingepakuliwa tena.

Usiku ule alikaa kwa Masika, taa ikiwaka, akisema kwamba heater yake imeharibika. Asubuhi alikuwa Mayfair kabla duka halijafunguliwa.

Bi Biubwa alipokea mtoto kwa mikono miwili, akamsogeza kifuani, kisha uso wake ukabadilika. Alimnusa kichwani. Akamnusa kiganjani. Akamrudisha kwa mama yake na kufuta mikono yake kwenye leso.

"Umempaka nini mtoto huyu?"

Clémentine alimweleza yote, kikaango, mafuta ya Pasta, kitambaa cha bitana. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, na alipokuwa akieleza akaanza kusikia mwenyewe alichokuwa anakieleza, sauti ikampungua.

"Nilitaka tu isinuke," alimaliza.

"Kunuka ndiyo kazi yake," Bi Biubwa alisema. Hakukaripia. Ingekuwa afadhali angekaripia. "Wale wenzetu hawali nyama, mwanangu, wanakula harufu. Mvuje mbichi unawakimbiza. Mvuje wa mafuta ya moto ni kitoweo. Wewe hukumkinga mtoto. Wewe umemuunga."

Umemuunga. Kila mwanamke anajua kuunga ni nini: ni kile unachofanya kwenye chungu mwisho, ili kilichoiva kiwe kitamu. Clémentine alikaa chini kwenye sakafu ya duka, pale pale kati ya magunia, akamkumbatia Sagesse, na hata katika kulia kwake alisikia jinsi mtoto alivyonukia, akaona haya kwa sababu hakuwa amekula tangu jana.

Bi Biubwa alisema yeye si mganga, ni muuza viungo. Lakini kwao alishaona bibi yake akifanya, na hapa Joburg hakumjua wa kumtuma. Akafunika meza yake, akabeba chetezo, makaa, malimau na mtungi wote wa mvuje, wakapanda teksi hadi Jeppestown. Alexis alikuwa amerudi, amelala. Walimwamsha na kumwambia akakae kwa Masika, na alipomwona mkewe usoni alikwenda bila swali.

Kwanza walimwosha mtoto kwa limau na majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Sagesse alilia. Wakampaka mvuje mbichi uliosagwa kwenye maji, utosini, kitovuni, nyayoni. Kisha Bi Biubwa akawasha makaa, akafunga mlango, akalifungua dirisha kwa upana wake wote.

"Sikiliza, mwanangu. Moto mkavu unauzidisha ukali. Nikitia haya mabonge, atatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni hapa dirishani tu. Usilifunge. Utasikia mambo, lakini dirisha usilifunge."

Clémentine akasema amesikia. Na alikuwa amesikia kweli.

Moshi wa mvuje kwenye makaa si moshi wa kusimulia. Ulikuwa wa manjano, mzito, ukauma macho na koo, ukatoka dirishani ukashuka uani ambako wanawake walikuwa wanafua, na jengo zima likaamka. Mtu alipiga ukuta. Mtu mwingine alitukana kwa Kizulu. Ndani, kifuniko cha sufuria kilianza kutetemeka, kisha vijiko, kisha kikaango kilekile kikaanguka chini na kuburutwa sakafuni, na ile harufu ya kinywa kilichofungwa ikaja na kwenda, ikaja na kwenda, ikigonga pembe za chumba. Bi Biubwa aliinama juu ya chetezo, leso mdomoni, macho yakimtiririka, hakuona kitu. Clémentine alikuwa amesimama kando ya dirisha, mtoto begani. Aliihisi ikimpita mara moja, ikielekea kwenye hewa.

Na hapo akasikia sauti chini uani. Ilikuwa ya Pasta Pacifique, aliyekuwa akitembelea waumini siku za wiki, na siku hiyo, katika siku zote, zamu ilikuwa ya Jeppestown.

"Huu moshi wa uganga unatoka kwa nani?" aliuliza.

"Sijue, Pasta," Masika alijibu. "Labda ni wale wa juu."

Clémentine alimwona kichwa. Kilikuwa kinaanza kuinuka kuhesabu madirisha. Hakufikiri, ndivyo atakavyosema baadaye, na ni kweli, kwa kuwa haya haimsubiri mtu afikiri. Mkono wake ulilivuta dirisha likafunga. Ni kwa muda tu, wa mtu kuinua macho na kuyashusha. Kisha akalifungua tena.

Katika muda ule kila kitu kilinyamaza. Kifuniko kikatulia. Na Sagesse, begani kwake, alimeza. Aliuhisi mmezo ule shingoni mwa mtoto, mkubwa kuliko koo lake.

"Ametoka," Bi Biubwa alisema, akikaa chini na kufuta macho. "Umesikia kimya hicho? Ametoka, alhamdulillahi."

Clémentine hakumwambia. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu, mashavu yamepata damu, na mama akaamini alichotaka kuamini. Bi Biubwa akamfunga Sagesse mabonge mabichi ya mvuje, mikononi, miguuni na shingoni, akaagiza yasiondolewe hata siku moja mpaka mtoto atembee. Ile chupa waliimwaga kwenye mtaro wakaivunja.

Na lile dirisha halikuokoa chochote. Mvuje hauna siri. Jumapili iliyofuata kila mtu alijua, na kwenye kwaya alisimama mwingine mahali pake, na viti vilisogea, kwa sauti ileile aliyoijua. Clémentine akaacha kwenda. Alisema moyoni kwamba yote hayo si kitu, mtoto amebaki.

Sagesse alinenepa. Akaota meno mawili ya chini, kisha mawili ya juu. Alexis alimrusha hewani pamoja na uvundo wake, akisema huyu ni askari mwenzake. Wiki nzima na nyingine nyumba ilikuwa na furaha. Halafu mtoto akakataa titi. Akakataa uji, akakataa ndizi. Akaanza kupungua tena, mama akitazama, na kila jioni majiko yalipowashwa aligeuza uso kwenye ukuta uliokuwa na harufu nzuri zaidi.

Siku hiyo Clémentine alikaanga kitunguu. Akafuta mikono, akamchukua Sagesse mapajani. Mtoto aliushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili, akaunusa. Kisha akaweka ulimi kwenye ncha za vidole akaupandisha, taratibu, bila kuinua, hadi kiwikoni, akarudi chini akaanza upya. Alifanya hivyo kwa uangalifu, mpaka mkono ukawa mkavu na safi. Alipomaliza alimtazama mama yake, akatabasamu, akiwa ameinua kidevu.

Clémentine alimpigia simu Bi Biubwa, akamwambia habari za dirisha.

"Basi yumo," Bi Biubwa alisema. "Alitafuta tundu, akaliona lile la kinywa. Na mvuje nilioufunga nje ndio unaomzuia asitoke."

"Nikiitosha? Nikitosha hizi bitambaa kwa mwili yake?"

"Atatoka. Lakini hatatoka mikono mitupu, mwanangu. Atatoka na alichokishika."

"Sasa nifanye nini, Maman? Mutoto hakuli. Atakufa."

Bi Biubwa alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kuikata simu upesi.

"Mlishe. Akishiba yeye, mtoto naye atakula."

Siku hizi, jua likizama, kwenye ghorofa ya tatu hunukia kuliko kote jengoni. Masika hupitisha kichwa mlangoni akauliza Mama Sagesse amepika nini leo, na Clémentine hujibu kwamba ni maharage. Si uongo, maharage yapo, Alexis huyabeba kwenye kopo kazini kesho yake na husema hajawahi kula matamu hivyo, wala hayamjazi tumbo. Yeye huona tu kwamba mkewe amekonda, na kwamba ngozi ya mikono yake imekuwa nyembamba, mishipa nje, kama ya mwanamke mzee. Alidhani ni baridi. Wiki iliyopita alimletea losheni ya bei kutoka Randburg, kwenye mfuko wenye utepe, na Clémentine alimshukuru, akaiweka juu ya kabati.

Jana alikaanga mvuje wake kwenye kikaango kilekile, akaacha mafuta yapoe kidogo ili yasimwunguze mlaji. Akafunga mlango, akateremsha pazia, akakunja mikono ya blauzi, akajipaka mafuta yale kutoka vidoleni hadi viwikoni. Sagesse alikuwa amekaa wima kitandani akimsubiri, mvuje mbichi umemzunguka shingoni, mnene, mwekundu, mzuri wa kupigwa picha. Alipoonyeshwa mkono, alicheka kwa sauti. Clémentine alimsikiliza akila, akamwimbia polepole wimbo wa kwaya ili majirani wasisikie ile sauti ya ulimi. Mkono wa kushoto ulipokwisha, akanyoosha wa kulia.